Msomaji Hodari, Mfasiri Dhaifu: Uhakiki wa Zana ya QuickBMS na Nafasi ya Kiswahili katika Michezo ya Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanahakiki QuickBMS, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi na inayotumika kutoa mafaili yaliyofungwa ndani ya mabunda ya michezo ya kompyuta. Programu hiyo inatazamwa kwa jicho la mtafiti wa lugha: inatuwezesha kusoma nini, na inashindwa kurudisha nini? Kwa kutumia mifano ya Civilization IV na Resident Evil 5, michezo miwili iliyotumia Kiswahili bila kumhudumia msemaji wa Kiswahili, makala yanadai kwamba zana hii ni msomaji hodari na mfasiri dhaifu. Udhaifu huo hautokani na uzembe wa mtunzi wake. Unatokana na nafasi ambayo wajenzi wa michezo hawakuitenga tangu mwanzo. Kwa hiyo sera ya lugha haipaswi kungoja mchezo ukamilike ndipo itafute njia ya kuufungua.

1.0 Utangulizi

Mtoto anayekulia Gisenyi, wilayani Rubavu, hana uhaba wa lugha. Nyumbani anaongea Kinyarwanda, shuleni anafundishwa kwa Kiingereza, wengi wa wazee wake walisomeshwa kwa Kifaransa, na akifika sokoni au kwenye kituo cha mpakani cha Petite Barrière anakisikia Kiswahili cha Goma kikivuka pamoja na wachuuzi na mizigo yao. Februari 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokiongeza Kiswahili katika lugha rasmi za nchi, na hivyo lugha ya sokoni ikapanda ngazi hadi ofisini. Hata hivyo, mtoto huyo akikaa mbele ya kompyuta kucheza, Kiswahili humwacha mlangoni. Menyu ni ya Kiingereza au Kifaransa. Maelekezo, majina ya silaha na ya miji, maonyo na pongezi, yote ni hivyo hivyo. Saa anazozitumia hapo ni saa za kusoma, kwa kuwa michezo mingi ya leo imejaa maandishi, lakini si saa za kusoma Kiswahili.

Wataalamu wetu wamechunguza Kiswahili cha magazeti, cha redio, cha mahubiri, cha vitabu vya kiada na cha simu za mkononi. Kiswahili cha michezo ya kompyuta, kilichopo na kile kisichokuwapo, kimebaki pembeni. Sababu mojawapo ni ya kiufundi. Gazeti hufunguliwa kwa mikono miwili. Maandishi ya mchezo yamefungwa ndani ya faili kubwa moja ambalo programu za kawaida za kuandikia hazilisomi. Mtafiti anayetaka kuyaona yote analazimika ama kuucheza mchezo mzima akiandika kila anachokiona, ama kupata zana ya kulifungua faili hilo.

Hali hii si ngeni kwa taaluma yetu. Tenzi nyingi za pwani ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, na kabla ya mhakiki kusema lolote juu ya vina, mizani na maudhui, ilibidi mtu mwingine aiweke hati hiyo katika herufi zinazosomeka na wengi. Kazi hiyo ya awali haikuwa ya kikarani tu. Kila uamuzi wa irabu ulikuwa tayari ni uhakiki. Kwa msingi huo huo, zana inayofungua bunda la mchezo inastahili kuhakikiwa, maana inaamua tutaona nini kabla hatujaanza kutoa hukumu.

Hoja ya makala haya ni moja. QuickBMS inaonyesha kwa uaminifu jinsi mchezo ulivyoipanga lugha, lakini haiwezi kuipa lugha nafasi ambayo mchezo haukuitenga. Umbali kati ya kusoma na kurudisha ndio uwanja ambao mpangaji wa sera anapaswa kuusimamia.

2.0 Bunda na Zana Yake

Bunda, kwa maana inayotumika hapa, ni faili moja lililokusanya mafaili mengi: picha, sauti, ramani, maandishi. Mfano ulio rahisi kueleweka ni ule wa Doom, mchezo uliotolewa na id Software Desemba 1993. Baiti 12 za mwanzo za bunda lake hubeba mambo matatu: herufi 4 za utambulisho, idadi ya vipande vilivyomo, na mahali ilipo orodha ya vipande hivyo. Katika orodha, kila kipande kina baiti 16 zinazosema kinaanzia wapi, kina ukubwa gani, na kinaitwaje kwa jina lisilozidi herufi 8. Afisa wa forodha aliye mpakani ataielewa picha hii mara moja: huhitaji kupekua kila gunia ikiwa unayo hati ya mzigo na unajua kuisoma.

Tatizo ni kwamba kila mjenzi wa michezo ana hati yake ya mzigo. Hapo ndipo QuickBMS inapoingia. Ilitungwa na Luigi Auriemma, mtafiti wa usalama wa kompyuta kutoka Italia, na inatolewa bure pamoja na msimbo wake chini ya leseni huria ya GNU GPL. Lugha yake ya maelekezo inatokana na ile ya programu iliyoitangulia, MultiEx Commander. Yenyewe haijui mchezo wowote. Inachojua ni kufuata hati fupi ya maelekezo inayoeleza muundo wa bunda fulani. Mtumiaji huipa vitu vitatu: hati ya maelekezo, bunda, na folda ya kuwekea mafaili yatakayotoka. Kwa bunda la Doom, hati hiyo ina mistari isiyozidi kumi au kumi na miwili: soma herufi 4, soma idadi, nenda kwenye orodha, kisha kwa kila kipande soma mwanzo, ukubwa na jina, ukitoe. Ikiwa kipande kimebanwa ili kupunguza ukubwa, hati hutaja aina ya ubanaji, na zana, ambayo inazifahamu mamia ya mbinu za kubana na kusimba data, hukifungua.

Sifa ya kwanza ya mpango huu ni kutenganisha maarifa na mashine. Mtu mmoja akishauelewa muundo wa mchezo mmoja, anaandika ukurasa mmoja, na wengine wote wanafaidika bila kuandika programu mpya. Sifa ya pili inawahusu watafiti moja kwa moja: kazi inaweza kurudiwa. Anayedai kwamba mchezo fulani una maneno kadhaa ya Kiswahili anaweza kuambatanisha hati yake ya maelekezo, na mwenzake akaiendesha juu ya bunda lile lile na kupata mafaili yale yale. Katika nyanja nyingi za isimu ya Kiswahili bado tunajadili data ambazo ni mwenyewe tu anayeziona. Hapa njia ya kuzifikia imeandikwa wazi. Ipo pia amri ya kuorodhesha yaliyomo bila kutoa chochote, ambayo humwezesha mtafiti kujua ukubwa wa data kabla ya kuigusa.

Kasoro nazo zipo. Kwanza, zana haina kiolesura kamili cha vitufe na menyu cha kumwongoza mgeni. Kazi zake nyingi hufanywa kwa kuandika amri katika dirisha jeusi, na mwongozo wake ni wa Kiingereza cha watu waliokwisha kujua. Pili, baadhi ya mabunda hayahifadhi majina ya mafaili, na katika hali hiyo zana huyapa mafaili namba za mfuatano. Mtafiti hujikuta na maelfu ya vipande visivyo na majina, kama maktaba iliyong'olewa migongo ya vitabu. Tatu, hati ya maelekezo inaweza kuita msimbo wa nje ya zana, kwa hiyo hati iliyotoka kwa mtu asiyejulikana isiendeshwe kabla ya kusomwa. Kasoro hizi zinavumilika kwa mtafiti mwenye subira. Kasoro kubwa zaidi, itakayojadiliwa katika sehemu ya 4.0, ni ya aina nyingine.

3.0 Kinachosomeka: Michezo Miwili

Civilization IV ya kampuni ya Firaxis ilitoka mwaka 2005. Wimbo unaomkaribisha mchezaji ni "Baba Yetu" wa Christopher Tin, ambao maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, ukiwa utunzi wa kwanza uliotoka katika mchezo wa kompyuta kuipata. Wengi wetu tuliipokea habari hiyo kwa fahari, na fahari ilikuwa halali. Lakini fahari haitoshi kuwa uhakiki. Swali la mhakiki ni hili: baada ya wimbo kwisha, Kiswahili kiko wapi?

Jibu linapatikana katika mafaili. Picha na maumbo ya mchezo huu yamefungwa katika mabunda yanayohitaji kufunguliwa, ila maandishi yake yamewekwa wazi katika mafaili ya XML, ambayo programu yoyote ya kuandikia huyasoma. Kila sentensi ya mchezo ina vyumba vitano: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Chumba cha sita, cha lugha inayoimbwa mlangoni, hakipo. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba ndani ya vyumba vya baadhi ya lugha, jina la kitu hufuatana na alama mbili, moja ya jinsia na nyingine ya idadi, ili sentensi za Kifaransa au Kijerumani zipatane kisarufi. Wajenzi walijua, kwa hiyo, kwamba si kila lugha hupanga nomino kama Kiingereza. Walitenga nafasi kwa ajili ya upatanisho wa lugha walizozikusudia. Ngeli za Kibantu hazikuwamo katika hesabu.

Mfano wa pili ni Resident Evil 5 ya kampuni ya Capcom, iliyotolewa mwaka 2009. Hadithi yake inatokea Kijuju, eneo la kubuni lililowekwa Afrika Magharibi, na maadui wanaomshambulia mchezaji wanaitwa Majini na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Filamu fupi ya kuutangaza mchezo huo mwaka 2007 ilizua mjadala mkali kuhusu jinsi Waafrika walivyosawiriwa, na mjadala huo ulijikita zaidi kwenye picha. Lugha haikupewa uzito uliostahili. Kiswahili kimehamishwa upande wa pili wa bara na kugeuzwa sauti ya Afrika kwa jumla, tena sauti ya watu waliopoteza utu wao. Msemaji wa Kiswahili anayecheza anajikuta katika hali ya ajabu: yeye peke yake ndiye anayewaelewa wale anaotakiwa kuwapiga risasi.

Hapa zana ya kufungua mabunda inaonyesha thamani yake. Mafaili ya mchezo huu yamo katika mabunda ya aina ya ARC, yanayotumiwa na mtambo wa Capcom uitwao MT Framework, na kwa mabunda hayo kuna pia zana mahususi, ARCtool, iliyotungwa na mtu anayejulikana kwa jina la FluffyQuack. Katikati ya milio ya risasi, sikio haliwezi kupambanua matamshi. Sauti zikitolewa moja moja, maswali ya kiisimu huwezekana: je, waigizaji wana lafudhi ya mahali fulani Afrika Mashariki, au walisomeshwa maneno kutoka kwenye karatasi? Je, matamko ni sentensi zilizo na upatanisho kamili, au ni maneno yaliyookotwa kamusini? Je, tamko moja linarudiwa mara ngapi, na kwa wahusika wangapi? Haya ni maswali yenye majibu, na majibu yake yangeutoa mjadala wa usawiri kwenye hisia na kuuweka kwenye ushahidi.

Tukiiweka michezo hii miwili bega kwa bega, mmoja umekitukuza Kiswahili na mwingine umekifanya cha kutisha, lakini yote miwili imekichukulia kuwa sauti. Katika wa kwanza kinaimbwa. Katika wa pili kinapigiwa kelele. Hakuna hata mmoja unaomwambia mchezaji kwa Kiswahili abonyeze wapi ili aendelee. Hili ndilo jambo ambalo kufungua mafaili hutufunulia na kutazama skrini hutuficha: kuwapo kwa lugha katika mchezo si sawa na mchezo kuitumikia lugha.

4.0 Kinachokataa Kurudi

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa maandishi yanatoka, kwa nini tusiyatafsiri na kuyarudisha? QuickBMS inatoa njia ya kufanya hivyo. Kwa kuongeza alama za amri -w na -r, zana hulifuata bunda kwa hati ile ile ya maelekezo na kuandika mafaili mapya mahali pa yale ya zamani. Bunda lenyewe ndilo linalobadilishwa, kwa hiyo mwenye busara huanza kwa kutunza nakala.

Njia hiyo ina sharti moja gumu: faili jipya, likishabanwa pale ambapo la awali lilibanwa, lisizidi ukubwa wa lile lililokuwapo. Sababu yake ni ile hati ya mzigo. Kila kipande kimeandikiwa mahali kinapoanzia, na kipande kimoja kikivimba kitamkanyaga jirani yake. Kuna njia ya pili, inayoitwa kwa kurudia alama ya -r, ambayo hujaribu kuliweka faili kubwa mahali pengine na kusahihisha orodha, lakini inategemea bunda kuwa na muundo unaoruhusu hivyo. Zana mahususi kama ARCtool inaweza kulifunga upya bunda zima, na kwa hiyo inalikwepa sharti hilo, ila kwa mabunda ya aina yake tu.

Sharti hili linakigusaje Kiswahili? Kwa maneno mafupi ya menyu, linakiumiza. Neno la Kiingereza "Save" lina herufi 4, "Hifadhi" lina 7. "No" lina 2, "Hapana" lina 6. "New Game" huchukua nafasi 8, "Mchezo Mpya" huchukua 11. Hata hivyo, tusikimbilie kusema kwamba Kiswahili ni lugha ndefu. Sentensi ya Kiingereza "I will not open it" huchukua nafasi 18, na Kiswahili huisema kwa neno moja la herufi 11: "Sitaifungua". Kiswahili hurefuka penye nomino na amri za neno moja, na hufupika penye kitenzi kinachobeba nafsi, wakati na yambwa. Mfasiri angeweza kufidia hasara ya menyu kwa akiba ya masimulizi, kama yote yangekuwa katika faili moja. Mara nyingi hayako hivyo: menyu ziko faili hili, masimulizi faili lile, na akiba ya huku haihamishiki kule.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina nafuu ambayo lugha nyingine za ukanda huu hazina. Kinaandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada; hata ng' huhitaji kinukta kilichomo katika kila fonti. Mchezo unaoandika Kiingereza tayari unaweza kuandika Kiswahili, jambo ambalo haliwezi kusemwa kwa Kiamhari. Kwa hiyo kizuizi cha herufi hakipo, na kizuizi cha ukubwa kinaweza kushindwa kwa ustadi. Kizuizi kisichoshindwa na zana yoyote ya kufungua mabunda ni cha tatu: sarufi.

Michezo hujenga sentensi kwa kuchomeka maneno katika viunzi. Kiunzi kimoja husema kwamba mchezaji amepata kitu kipya, na jina la kitu huchomekwa wakati wa kucheza. Kwa Kiingereza kiunzi kimoja kinatosha vitu vyote. Kwa Kiswahili, "Umepata ... mpya" itaupokea upanga na ngao kwa bahati ya sauti, lakini kisu kitadai kipya, shoka litadai jipya, na viatu vitadai vipya. Kiunzi kinachotangaza maangamizi kina shida zaidi: meli imeharibiwa, daraja limeharibiwa, kijiji kimeharibiwa, ukuta umeharibiwa. Akiingia adui badala ya kitu, kitenzi chenyewe hubadilika, na nafsi pia: ameuawa. Kiunzi kimoja cha Kiingereza kinahitaji maumbo kadhaa ya Kiswahili pamoja na njia ya kuiambia mashine ni umbo lipi linalofaa. Njia hiyo haimo katika faili la maandishi. Imo katika programu ya mchezo, na kulitoa faili la maandishi hakuibadilishi programu.

Wafasiri wenye uzoefu wana hila ya kukwepa: huandika "Kilichopatikana: shoka" au "Kuharibiwa kwa: daraja". Hila hiyo haina kosa la kisarufi linaloonekana wazi, lakini huuacha mchezo ukizungumza kama leja ya ghala. Mtoto anayeucheza atajifunza, bila kuambiwa, kwamba Kiswahili ni lugha ya kuorodhesha na Kiingereza ni lugha ya kusimulia. Kwa jamii inayotaka lugha rasmi ya nne iwe hai, hasara hiyo si ndogo.

5.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la kisheria: je, kufungua mabunda si wizi? Ni lazima kutofautisha mambo mawili. Kusoma faili lenye muundo usio wa kawaida si sawa na kuvunja kufuli lililowekwa makusudi. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO wa mwaka 1996 unazitaka nchi wanachama kutoa ulinzi wa kisheria dhidi ya kuvunjwa kwa kinga za kiteknolojia, na Marekani ilitunga sheria yake ya aina hiyo mwaka 1998. Sheria hiyo hufanyiwa mapitio ya misamaha kila baada ya miaka mitatu, na Oktoba 2024 ombi la kuziruhusu maktaba kuwapa watafiti walio mbali nafasi ya kutumia michezo ya zamani iliyohifadhiwa lilikataliwa. Mtafiti wa Gisenyi hayuko chini ya sheria ya Marekani, lakini leseni za michezo anayoinunua zimeandikwa kwa roho ya sheria hiyo. QuickBMS haiulizi maswali haya. Inaweza kufungua bunda lililosimbwa kama ilivyo kwa bunda lililobanwa tu, na mstari wa amri haumwonyi mtumiaji amevuka mpaka gani. Ukimya huo ni wa kawaida kwa zana, lakini unauacha mzigo wote wa maadili juu ya mtafiti asiye na mwongozo wa taasisi yake.

Pingamizi la pili linatoka upande wa wapenzi wa michezo: mbona watu wa kujitolea wamewahi kufaulu? Mfano maarufu ni tafsiri ya Kiingereza ya Mother 3, mchezo wa Kijapani, iliyotolewa mwaka 2008 na kundi lililoongozwa na Clyde Mandelin. Mfano ni wa kweli, ila unathibitisha hoja ya makala haya badala ya kuipinga. Kundi lile halikuishia kutoa maandishi na kuyarudisha. Liliibadilisha programu ya mchezo yenyewe ili iweze kuonyesha Kiingereza ipasavyo. Kazi ya namna hiyo inahitaji wahandisi, miaka na mapenzi yasiyolipwa. Sera ya lugha haiwezi kujengwa juu ya matumaini kwamba watu wa aina hiyo watajitokeza kwa kila mchezo.

Mfano ulio karibu nasi unaelekeza upande mwingine. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi katika Kiswahili. Hakuna bunda lililohitaji kuvunjwa. Maandishi ya programu hiyo yalikuwa yametengwa na msimbo tangu awali, na leseni iliruhusu kutafsiri. Tofauti kati ya Jambo OpenOffice na mchezo wa kibiashara haiko katika juhudi za wafasiri. Iko katika milango ambayo mjenzi aliiacha.

6.0 Yanayoihusu Sera

Kutokana na uhakiki huu, mapendekezo manne yanajitokeza.

Kwanza, vyuo vya ukanda huu viandae mwongozo wa maadili na wa kisheria kwa utafiti wa lugha unaotumia zana za kufungua mafaili. Mwongozo huo utofautishe kusoma, kunukuu kwa kiasi, na kusambaza, na uwalinde wanafunzi wanaofanya la kwanza na la pili kwa nia ya kitaaluma.

Pili, hati za maelekezo zilizotumika katika utafiti zihifadhiwe pamoja na tasnifu. Hati hizo si mali ya kampuni ya mchezo. Ni maelezo ya muundo yaliyoandikwa na mtafiti, na bila hizo matokeo hayarudiwi.

Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi, serikali na mashirika yanapoagiza michezo ya kielimu, mkataba uweke masharti ya lugha kabla ya msimbo kuanza kuandikwa. Maandishi yakae nje ya bunda. Kila nomino ibebe alama ya ngeli yake, kama vile Civilization IV ilivyozipa nomino za Kifaransa alama ya jinsia. Viunzi vya sentensi viruhusu kuchagua umbo kulingana na alama hiyo. Teknolojia ipo: mfumo huria wa Fluent wa Mozilla, kwa mfano, unamwezesha mfasiri kuambatanisha sifa ya kisarufi kwenye nomino na kuitumia katika sentensi nyingine, bila kumsumbua mhandisi. Hazina ya data ya Unicode inayotumiwa na programu nyingi inakipa Kiswahili maumbo mawili ya idadi, yaani umoja na hali nyinginezo. Mfumo unaoishia hapo hautoshi, na mkataba useme hivyo. Faida haitakuwa ya Kiswahili peke yake. Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda zina ngeli pia, na mlango mmoja ukijengwa vizuri zitapita zote.

Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, kwa kushirikiana na BAKITA na Inteko y'Umuco ya Rwanda, iandae orodha ya istilahi za michezo. Bila orodha hiyo, kila mfasiri atabuni neno lake la "Save", na mtoto anayevuka kutoka Goma kuja Gisenyi atakuta vitufe viwili tofauti kwa kazi moja. Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, pande zote mbili za mpaka huo ziko chini ya paa moja. Kiswahili cha Goma na Bukavu kishirikishwe katika orodha hiyo kama chanzo, kisichukuliwe kuwa kosa la kusahihishwa.

7.0 Hitimisho

QuickBMS ni zana nzuri. Inafanya kazi ndogo kwa uaminifu mkubwa, haimfichi mtumiaji wake kitu, na inampa mtafiti wa Kiswahili maktaba ambayo hakuwa na ufunguo wake. Inastahili nafasi katika mafunzo ya wanafunzi wetu wa isimu na fasihi, sambamba na programu za kuchambua kongoo. Wala haipaswi kulaumiwa kwa kutofanya lile ambalo haikuundwa kulifanya.

Lawama inatuelekea sisi ikiwa tutaichukua kuwa jibu la sera. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mchezo uliokwisha kufungwa katika bunda ni samaki aliyekauka: unaweza kumpima, kumchunguza na kuhesabu mifupa yake, lakini ukijaribu kumkunja atavunjika. Mahali pa kuiweka ngeli ni mezani kwa mjenzi, siku ile anapoamua jina la kitu litaandikwaje. Watafiti watumie zana hii kuonyesha, mchezo kwa mchezo na faili kwa faili, nafasi iliyokosekana. Washauri wa sera wachukue ushahidi huo na kuuandika katika mikataba, ili mtoto wa Gisenyi akiuanza mchezo ujao asiambiwe "Kilichopatikana: shoka", bali aambiwe kwa Kiswahili kinachosimama chenyewe kwamba amepata shoka jipya.